Walikwambia Nini Nilipokuwa Nje?

Mke wangu alikuwa akimenya ndizi za mtori nje ya jiko, amekaa kwenye kigoda chake, mikono ameipaka mafuta ya kula ili utomvu usimgande vidoleni. Mimi nilikuwa barazani na gazeti ambalo sikuwa nikilisoma. Hakuinua uso. Aliniuliza kwa sauti ile ile ambayo angeniulizia kama ng'ombe wameshakatiwa majani.

"Baba, siku ile ya sindano ya kwanza, walikwambia nini nilipokuwa nje?"

Nilimjibu kwamba ni mambo ya kawaida ya dawa ya saratani. Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akachukua nyingine, na hatukuzungumza tena mpaka chakula kilipoiva.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli, na swali hilo limenisumbua kwa wiki nyingi tangu hapo. Halikuwa na ukali. Ukali ningejua namna ya kuujibu, maana nimekaa darasani maisha yangu yote ya kazi. Lilikuwa swali la mtu aliyefikiri muda mrefu peke yake, akapima kila maelezo yanayowezekana, na hatimaye akaona kwamba jibu limo ndani ya chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia.

Haya ni mambo ya wanaume

Sitarudia habari za dalili na vipimo. Wanaume wa rika langu wanajua maana ya kuamka usiku kwenda msalani mara kwa mara, na siku hizi PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, inatajwa hata kwenye vijiwe vya kahawa. Inatosha kusema kwamba saratani yangu ya tezi dume ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga, na daktari, ambaye namheshimu kwa sababu hazunguki, alisema kwamba katika hatua hiyo kazi ya matibabu si kuing'oa bali ni kuizuia kwa muda mrefu kadiri itakavyowezekana, kwa kuinyima homoni inayoilisha. Ipo siku, alisema, saratani huzoea kuishi bila homoni hiyo, na hapo hutafutwa dawa nyingine. Siku hiyo haina tarehe.

Baada ya Pasaka ya mwaka jana mimi na mke wangu tulishuka mjini Moshi kwa ajili ya sindano ya kwanza. Mlango ulipofunguliwa na jina langu likaitwa, mama naye alisimama na kuchukua mkoba wake. Muuguzi akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, wewe tusubirie hapo kwenye benchi. Haya ni mambo ya wanaume."

Akakaa.

Sitaitaja kliniki yenyewe. Nimezungumza na wazee wenzangu wanaotibiwa kwingine, wengine Arusha, wengine Dar es Salaam, na benchi hilo wanalijua wote.

Ndani nilisomewa karatasi, haraka haraka, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Joto la ghafla. Uchovu. Kuongezeka uzito na kupungua misuli. Matiti kuvimba au kuuma. Mifupa kupoteza nguvu. Sukari na moyo viangaliwe. Hasira au huzuni bila sababu. Hamu ya tendo la ndoa kupungua au kutoweka. "Una swali lolote, mzee?" Niliuliza kama nilipaswa kuwa nimekula kabla ya sindano.

Kisha nikalala kitandani, shati limepandishwa, na muuguzi akabana ngozi ya tumbo chini ya kitovu. Sindano yake ni nene kuliko za kawaida, maana inachopitisha si maji bali ni kijiti kidogo cheupe kinachobaki chini ya ngozi na kuachia dawa polepole. Kipo cha siku 28 na kipo cha wiki 12. Maumivu yake hayafiki hata nusu ya maumivu ya kusubiri. Nilifunga mkanda, nikatoka, na mama akaniuliza kama imeuma. Nikasema haijauma, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Sahihi kwenye karatasi ilikuwa moja. Walioanza matibabu siku ile walikuwa wawili.

Kengele isiyonyamaza

Watu huniuliza sindano ya tumboni inafikaje kwenye tezi. Haihitaji kufika huko, kwa kuwa inachokishughulikia kiko kichwani.

Mwaka 1941, huko Chicago, daktari Charles Huggins alionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma mwanamume anapoondolewa korodani au anapopewa homoni za kike, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa muda mrefu baada yake, mgonjwa alichagua kati ya kisu na vidonge vya homoni za kike. Sindano ya leo inatokana na watafiti wengine, akiwamo Andrew Schally, ambaye yeye na wenzake walikusanya bongo za nguruwe, maelfu kwa maelfu, wakitafuta homoni ambayo ubongo huitumia kutoa amri inayofika hadi kwenye korodani. Muundo wake waliufahamu mwaka 1971, na Schally akapata Nobel mwaka 1977. (Hapa kwetu, ambako kitimoto haikosi mteja, nikisema kwamba matibabu yangu yana asili ya nguruwe hupata wasikilizaji wazuri sana.)

Dawa yenyewe hutengenezwa kiwandani na huiga amri hiyo ya ubongo. Katika mwili usio na dawa, ubongo hupiga kengele kwa vipindi, na tezi iliyo chini yake hujibu kwa kuziamsha korodani. Sindano huipiga kengele mfululizo, bila kunyamaza. Mwalimu yeyote anajua kitakachotokea: mwanzoni wanafunzi watakimbia kwa vurugu, na baada ya muda hakuna atakayegeuza hata shingo. Ile vurugu ya mwanzo ni ya kweli, kwani katika wiki za kwanza testosteroni, ile homoni inayoilisha saratani, hupanda badala ya kushuka, na kwa mtu ambaye saratani imeingia mifupani, hasa uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kuleta hatari. Ndiyo maana nilianzishiwa kwanza vidonge vya bikalutamide, vya kuizuia homoni isifanye kazi mpaka kimya kiingie. Baada ya wiki tatu au nne hivi, kimya huingia.

Haya niliyaelewa baadaye, kwa kusoma na kwa kumsumbua daktari. Kuyaelewa kulinifariji, lakini kulinipa pia mahali pa kujificha. Ningeweza kumweleza mke wangu habari za nguruwe wa Schally tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, na angenisikiliza kwa adabu.

Alichouliza si hicho.

Mtaalamu aliyekuwa kwenye benchi

Joto la kwanza lilinikuta kanisani, mwezi wa saba, wakati ambapo sisi wa miteremko ya juu tunavaa masweta na kina mama wanajifunika vitenge viwili viwili. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likaenea usoni, na kabla kwaya haijamaliza ubeti jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati. Dakika chache baadaye nilikuwa nikitetemeka kwa baridi. Jirani yangu kwenye benchi alinong'ona kwamba nikapime malaria.

Mke wangu, aliyekuwa upande wa pili wa kanisa, hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Alinitazama nilivyokuwa nikivua koti, akatabasamu kidogo.

"Karibu," alisema.

Sikuwa nimemweleza. Lakini yeye alikuwa amepita huko alipokoma hedhi, akapigana na joto hilo usiku na mchana kwa miaka, akifungua dirisha ambalo mimi nilikuwa naamka kulifunga. Sababu zinafanana kwa karibu: homoni ikianguka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hupoteza kipimo chake, na hufukuza joto katika mwili ambao haukuwa na joto la kufukuzwa. Alichofanya wiki ile hakuna karatasi iliyowahi kukiandika. Aliniwekea mashati ya pamba na kuyaondoa yale ya nailoni. Aliiacha chai ipoe kabla ya kuniletea. Alipunguza pilipili. Aliweka kitambaa chenye maji na birika la maji ya baridi karibu na kitanda, akagawa matandiko yetu ili mimi niweze kuyatupa yangu bila kumfunua yeye. Kuhusu mbege alisema nijipime mwenyewe, na nilipojipima nikaona kwamba kweli, kila nilipokunywa, usiku haukupita bila jasho. Wapo wagonjwa ambao joto huwazidi hata wanahitaji dawa, na dawa zipo. Mimi nimetosheka na utaalamu wa nyumbani.

Huwa nalirudia jambo hili akilini. Siku ile, katika jengo lile, kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuishi na nusu ya mambo yaliyoandikwa kwenye karatasi yangu. Joto, usingizi wa vipande vipande, machozi yasiyo na msiba, uzito unaokuja bila kula zaidi, mifupa inayopaswa kulindwa. Mtu huyo aliambiwa asubiri kwenye benchi kwa sababu haya ni mambo ya wanaume.

Chumbani

Hapa ndipo penye uzito, na nimeandika na kufuta mara nyingi.

Wanaume wengi hudhani kwamba madhara ya matibabu haya ni kushindwa. Kushindwa kuna historia ndefu, kuna utani wake na kuna biashara yake. Pita stendi yoyote utauziwa mzizi wa kukupa nguvu za kiume. Lakini dawa hii inaanzia nyuma zaidi ya hapo. Inaondoa kutaka kwenyewe. Mtu anayeshindwa huumia kwa sababu anatamani, na mtu wa sindano hii hukosa hata hayo maumivu. Nilimtazama mke wangu, ambaye nimempenda tangu akiwa binti wa chuo cha ualimu, na upendo ulikuwa pale pale, wote, isipokuwa njia moja ambayo upendo huo ulikuwa ukiitumia kila siku ilikuwa imefungwa bila kelele, na mimi sikuwa hata na hamu ya kugonga. Vidonge vya hospitali vinavyosaidia mishipa huwasaidia baadhi, lakini haviwezi kuleta hamu ambayo homoni yake haipo. Mizizi ya stendi siigusi, kwa kuwa sijui kilichomo, na mtu mwenye dawa za aina yangu hana sababu ya kubahatisha.

Nililala nikiwa nimegeukia ukuta. Nilidhani kwamba ninampunguzia usumbufu.

Jumapili moja mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuanza, na swali lake likiwa halijaondoka kichwani mwangu, nilitoa bahasha ya hospitali kabatini na kumpa ile karatasi. Sikuwa na maneno ya kumwambia, nikaona ayasome mwenyewe. Alivaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari, namna alivyokuwa akisahihisha madaftari. Kidole kikasimama.

"Hii ya hamu. Ulijua tangu siku ile?"

"Nilisomewa."

"Mimi nilidhani una mtu mjini."

Nikamwangalia. Hakuwa anatania. Mwaka mzima na zaidi, kila niliposhuka kliniki na kuchelewa kwa sababu ya foleni, kila nilipogeukia ukuta, alikuwa akijumlisha hesabu ambayo kwa taarifa alizokuwa nazo ilikuwa sahihi. Alikuwa ameshamaliza hata kulia, bila mimi kujua.

"Afadhali ungekuwa na mtu," akasema, akikunja karatasi, "ningejua pa kwenda kugomba."

Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na baadaye nikalia. Dawa hii humfanya mtu alie kirahisi, ingawa sidhani kwamba siku ile ilikuwa dawa tu.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya chumbani hayaandikwi hadharani. Naiheshimu hoja hiyo, na nimemwonyesha mwenyewe kila sentensi ya sehemu hii kabla ya kuichapisha, zipo alizozikata. Lakini nauliza, mwanamume atakayesomewa karatasi kama ile wiki ijayo atajifunza wapi kwamba kunyamaza kwake kutatafsiriwa, na kwamba tafsiri hiyo haitakuwa yake?

Siri ya wazee wetu

Sisi Wachagga tuna urithi wa ajabu katika jambo hili. Zamani, kijana akishapita jandoni, wanaume walidai kwamba ameshazibwa njia ya haja kubwa na hatakwenda tena haja kama wanawake na watoto. Mwanamume alijificha kwa ajili ya jambo hilo maisha yake yote, na akiharisha ilikuwa ni kazi ya wanaume wenzake kumstiri. La kuvutia zaidi ni kwamba wanawake walijua. Walipofundwa wao nao waliambiwa ukweli, wakaonywa wasiuseme, wajifanye wanaamini.

Nikiwa kijana nilicheka niliposimuliwa. Sasa nina mzee mwenzangu, jirani, anayevaa taulo za kuzuia mkojo tangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi, na anazichoma mwenyewe nyuma ya zizi alfajiri ili mkewe asizione. Mkewe anaziona. Amemwambia mke wangu.

Wala si Uchagga peke yake. Desemba 2023, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume bila kumwambia rais wake, na Januari mosi iliyofuata akarudishwa hospitali kwa matatizo yaliyotokana na upasuaji huo, bado Ikulu ikiwa haijui aliko. Mwezi wa pili alikiri mbele ya waandishi kwamba alipaswa kusema. Mtu aliyekuwa akisimamia moja ya majeshi makubwa kuliko yote duniani aliona rahisi zaidi kutoweka kuliko kuutaja mwili wake kwa mkubwa wake wa kazi. Upande mwingine yupo Askofu Desmond Tutu, aliyegundulika mwaka 1997, akasema waziwazi, na akaishi hadi 2021.

Siri hii ina gharama ambayo si ya mwenye nayo peke yake. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume ameugua yuko kwenye hatari inayofikia mara mbili ya wengine au zaidi. Wanangu wa kiume wamevuka miaka 40. Watakuja Krismasi, kama ilivyo desturi ya watu wa huku, na mpaka mwezi uliopita mpango wangu ulikuwa waambiwe kwamba baba ana tatizo la mgongo. Mpango huo mama ameufuta. Wataambiwa wote wawili, kwa jina la ugonjwa, na wataambiwa wakazungumze na madaktari wao kuhusu kipimo. Nani atakayefungua mazungumzo bado hatujapatana. Mimi nasema yeye, yeye anasema tezi si yake.

Mkungu

Kuhusu mifupa nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa sina shaka na ushauri niliopewa. Homoni ikiondoka, mifupa hupoteza madini na misuli hupungua, na mzee anayeanguka kwenye utelezi wa kihambani, shamba la migomba la nyumbani, anaweza kuvunjika nyonga ambayo angeinuka nayo miaka mitano iliyopita. Nilianza kujua hivyo siku niliposhindwa kuinua mkungu wa ndizi niliouangusha mwenyewe, nikausimamia kama mgeni mpaka kijana wa jirani alipopita. Dawa iliyothibitika vizuri zaidi kwa uchovu wa matibabu haya ni mazoezi, jambo ambalo humuudhi mtu aliyechoka. Ninatembea kupanda mlima kila asubuhi, ninanyanyua ndoo za maji zilizopimwa, ninakula dagaa na kunywa maziwa, na sukari na shinikizo la damu ninapima kwa ratiba. Mkungu sasa ninaubeba, ule mdogo.

Mtoto wa miezi minane

Kliniki iliyofuata baada ya Jumapili ile tuliingia wote. Muuguzi alifungua mdomo, mama akasalimia, akavuta kiti akakaa, na mambo yakaishia hapo. Alikuwa na daftari. Swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa swali ambalo mimi, kwa kusoma kwangu kote, sikuwahi kuliuliza: "Hii sindano ina mwisho?"

Daktari akasogeza mafaili pembeni, akaeleza kwa kirefu. PSA yangu imeshuka sana na imetulia, hivyo wengine wangeuliza kama naweza kupumzika, sindano zikasimamishwa mpaka PSA itakapopanda tena. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulilipima jambo hilo hilo kwa wanaume 1,535 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na PSA yao ilishuka vizuri kwa matibabu ya mwanzo. Kati ya walioendelea na dawa mfululizo, nusu walikuwa bado hai baada ya miaka 5.8, kati ya waliopumzishwa, ni miaka 5.1. Hesabu hizo hazikutosha kuthibitisha kwamba kupumzika ni salama sawasawa na kuendelea. Waliopumzishwa walionekana kuwa na nafuu ya unyumba na ya afya ya akili katika mwezi wa tatu wa utafiti, lakini baada ya hapo nafuu hiyo haikuonekana tena. Kwa mtu wa hali yangu, akasema, yeye angependa niendelee.

Tofauti ya kama miezi minane, basi, ndani ya makundi ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliye mimi. Njiani kurudi, ndani ya daladala, nilisema kwa sauti ya chini kwamba miezi minane si kitu kama mtu anaishi nusu. Nilikuwa nimelifikiria siku nyingi. Nilitaka nipumzike, angalau msimu mmoja, nione kama yule mtu wa zamani yupo bado.

"Mtoto wa miezi minane anatambaa," alisema.

Binti yetu ana mimba. Sikuwa na hoja.

Kwa hiyo kupumzika tumekuacha, na mimi nimekubali, ingawa zipo siku ninakubali zaidi ya siku nyingine. Kilichobaki ni njia ya pili ambayo daktari aliieleza siku hiyo, ile ya Huggins: kuondoa korodani kwa upasuaji. Ni upasuaji mdogo, mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Testosteroni huanguka ndani ya saa chache, bila ile vurugu ya mwanzo. Na hulipiwa mara moja tu. Saratani huzuiwa sawa na kwa sindano, na madhara karibu yote ni yale yale ambayo tayari ninaishi nayo.

Mama anataka upasuaji. Ana sababu nzuri. Bima ikitikisika, sindano hizi si za pensheni ya mwalimu. Dawa ikikosekana mjini, tunaanza kupiga simu Arusha na Dar es Salaam, na tarehe haisubiri. Anasema pia kwamba kila tarehe inapokaribia mimi sili vizuri, jambo ambalo nilidhani halionekani.

Mimi nataka sindano. Nimejaribu kumweleza kwamba sindano ni kitu kinachoweza kusimamishwa, na kwamba kuna tofauti kati ya homoni iliyonyamazishwa na kiungo kisichokuwapo, hata kama vipimo vya damu haviioni tofauti hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyonisikiliza siku zote.

"Lakini tumekubaliana kwamba huiachi," akasema. "Sasa unashikilia nini?"

Sijalijibu, na safari hii nimemwambia wazi kwamba sijalijibu, kwa sababu sina jibu bado. Tarehe yetu ni katikati ya Januari, wageni wa Krismasi wakiwa wamesharudi makwao. Tutaingia wote, na daktari tumemtahadharisha kwamba asitarajie kutukuta tumekubaliana.